Stika ya Kijapani

Mume wangu alikuwa fundi magari Mombasa kabla hatujahamia Barking, mtaa wa London, na msimamo wake haujawahi kutikisika: gari ni la Japani, mengine ni vyuma tu. Kwetu, gari likishushwa melini huwa na stika ya Kijapani kwenye kioo cha mbele, na hakuna mwenye akili timamu anayeibandua, maana ndiyo cheti chake.

Basi tulipokwenda kununua gari hapa London, aliyapita ya Kiingereza bila hata kuyatazama. "Haya yametengenezwa hapa hapa," alisema, kama mtu anayezungumzia samaki wa juzi. Akachagua moja lenye jina la Kijapani, akaupapasa mlango wake, tukarudi nalo nyumbani.

Jumamosi, nikilifuta vumbi, nikaona kibao kidogo pembeni mwa mlango. Kimeandikwa waziwazi kwamba gari limeundwa Uingereza. Nikamwita. Alikisoma mara mbili, akaingia ndani, akanywa chai yake. Mimi nilicheka mpaka nikakaa kizingitini.

Hakulirudisha, kwa sababu linakwenda vizuri mno. Lakini wiki iliyopita alirudi kutoka kumtembelea mamake Mombasa, na kabla hajavua koti akafungua begi, akatoa stika ya Kijapani aliyoibandua kwenye gari la ndugu yake. Akatoka nayo nje kwenye baridi, akaibandika kiooni, akailainisha kwa kiganja.

"Sasa," akaniambia, "ndiyo limeshuka melini."