Babu amebaki kwenye betri nyekundu

Jamani, leo nusura nimpoteze babu kwa mara ya pili.

Marehemu babu alikuwa wakala wa forodha Sirari. Aliacha kompyuta ndogo ya mkononi, ile ya kizamani yenye kalamu ya plastiki, aliyoandikia miadi yake.

Ndani yake alijirekodi akipiga ritungu, ala yetu ya nyuzi, na kuimba. Nakala ni hiyo moja tu.

Na mashine hizi betri ikiisha kabisa, kila kitu kinafutika. Miaka yote tumeiacha kwenye chaja.

Leo asubuhi chaja imekufa. Nimezunguka Tarime mjini kote, hakuna inayoingia.

Betri nyekundu. Nikaweka simu yangu karibu, nikabonyeza kurekodi, nikawaambia watu wa nyumbani, "Mtu asikohoe!"

Nikaicheza rekodi yake, babu akaanza kuimba.

Mara mama akaingia na sufuria ya uji. Nikamwonyesha kidole mdomoni, wala hakuniona.

Sasa, kwetu Wakurya mke wa mtoto hakai chumba kimoja na baba mkwe wake. Mama akarudi kinyumenyume mpaka nje, akainamisha kichwa:

"Shikamoo baba. Nisamehe, sikujua umo ndani."

Kwa sauti kabisa! Wimbo ukaendelea kidogo, mashine ikazima.

Haijawaka tena. Nilichobaki nacho ni rekodi ya simu, na mama yumo katikati.

Dada anasema nimkate. Nyie mngemkata?

Jibuni haraka, maana mama bado amesimama nje ya mlango, ananiuliza kama babu ameitikia.