Choo cha Pili cha Mama Kabula

Siku yangu ya kwanza kazini niliripoti kwa mtendaji wa kata moja huko vijijini Shinyanga, nikiwa na stashahada ya afya ya mazingira, buti mpya na daftari la kaya. Katika daftari hilo kila nyumba ina mstari wake: unaandika kama ina choo, kama shimo lina mfuniko, kama kuna kibuyu chirizi, yaani kidumu kinachoning'inizwa kwa kamba ili mtu akanyage kijiti, maji yamiminike, anawe mikono. Mtendaji alilipekua, akanirudishia.

"Bwana Afya," akasema, "vyoo utaviona. Wanaoingia ndani ndio hutawaona."

Nilidhani ananitania. Kwa miaka mingi nilifanya kazi kwa notisi, ile karatasi inayompa mwenye kaya siku kadhaa za kuchimba choo, la sivyo anapelekwa mahakama ya mwanzo. Watu walichimba, nami niliandika "kipo". Mvua za kwanza zikinyesha, watoto waliharisha kama kawaida, maana vichaka bado vilikuwa na wateja.

Nilipohamishiwa Geita, kwenye kata iliyo nje kidogo ya Katoro, nilimkuta Mama Kabula. Alikuwa mhudumu wa afya ya jamii, mwanakijiji anayechaguliwa na wenzake kupita nyumba kwa nyumba. Aliishia darasa la saba, hakuwa na mshahara, na alitembea kwa miguu wakati mimi nilikuwa na pikipiki ya ofisi. Lakini tukifika kwenye mji wa mtu, yaani boma la familia yake, wanawake waliacha kupukuchua mahindi wakamlaki kama mama yao: "Mayu, karibu." Yeye alikaa nao chini, akapukuchua. Mimi nililetewa kiti, nikaachwa peke yangu. Nilianza kumchukia nikiwa nimekaa kwenye kiti hicho.

Kisha kipindupindu kikazuka kwenye rashi, kambi ya wachimbaji wadogo waliokimbilia dhahabu mpya. Kikashuka vijijini. Vijiji vyangu vitatu vilivyojaa "kipo" vililaza wagonjwa, na katika kimoja tulizika mama na mtoto wake. Kijiji cha Mama Kabula, kilichokuwa karibu zaidi na rashi, hakikupata hata mgonjwa mmoja. Ningepaswa kushukuru. Nilikwenda kule nikitafuta kosa.

Nilikuta kila mji una vyoo viwili, na njia za kwenda huko zimekanyagwa hadi zinang'aa.

"Kwa nini viwili?" nikamuuliza.

"Bwana Afya, baba mkwe hawezi kuchangia choo na mke wa mwanawe. Wakikutana pale mlangoni ni aibu. Kwa hiyo kile cha notisi kilibaki pambo. Nikawaomba wachimbe kingine, upande wa pili wa mji."

"Nani alikufundisha hayo?"

"Niliwauliza tu."

Mimi ni Msukuma. Mama mkwe wangu nilimpisha njia maisha yangu yote, na sikuwahi kulihusisha jambo hilo na daftari langu. Nilirudi ofisini, nikaandika kwenye taarifa: "Mbinu ya vyoo viwili, iliyobuniwa na afisa afya wa kata."

Afisa afya wa wilaya, mkuu wangu, mtu asiyesifu ovyo, alinipigia simu mwenyewe. "Hii ndiyo akili ninayoitaka hapa," akasema. "Funga mizigo."

Nikapata meza wilayani. Nilitumwa hadi Chato kuwafundisha wenzangu mbinu "yangu", na nilifundisha vizuri. Lakini kila nilipopita kijijini kwake kwa pikipiki kupeleka dawa ya kutibu maji, nikaona watoto wakimkimbilia, moyo uliniuma kama siku ile ya kiti. Wazo nililichukua, watu walibaki wake.

Siku ya kuniaga nilipostaafu, walipomaliza kunisifu, nilisimama nikasema ukweli wote, jina lake na maneno niliyoandika. Mkuu wangu alitazama meza. Mama Kabula, aliyealikwa pamoja na wanakijiji wenzake, alikuwa amekaa safu ya nyuma. Baadaye nilimfuata nje.

"Nisamehe, mama."

"Nilijua zamani," akasema. "Mwenyekiti wa kijiji alinisomea ile taarifa mwaka uleule."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema, ungeacha kuja kwetu. Na dawa ya kutibu maji ilikuwa inakuja na pikipiki yako."

Akaaga, akawafuata wenzake barabarani. Vijana mnaoingia kazini, mmeniomba niwaeleze nilivyoifanya kazi hii, nami nimeeleza. Kuomba msamaha kulinipunguzia mzigo, sikatai. Lakini niliposimama pale nikimtazama akiondoka, nilikuwa bado namwonea wivu, safari hii kwa jinsi alivyoweza kunyamaza miaka yote ile.