Nilisema Mbwa Wangu Amechanjwa

Admin, habari za kazi. Naomba usiweke jina langu, na hao nitakaowataja humu nimewabadilishia majina, maana baadhi yao wanasoma ukurasa huu kila siku.

Mimi ni mama wa miaka 37, tunaishi Arusha, upande wa Sekei. Mume wangu ni dereva wa watalii, akiondoka anaweza kukaa porini wiki nzima, ndiyo maana alituletea mbwa. Tunamwita Tomi. Asubuhi nilikuwa nampeleka uwanjani, wanapopita watu wanaokwenda kazini na akina mama wanaoshuka na ndizi kutoka mlimani. Nilikuwa namwachia huru. Mtu akishtuka nilimwambia, "Usiogope, huyu hang'ati." Jirani yetu mmoja, Mzee Karimu, mtu wa swala tano, aliwahi kuniomba kwa upole nimfunge kamba kwa sababu akimgusa na mate inabidi arudi nyumbani kubadilisha kanzu. Nilimwitikia ndiyo mzee, shikamoo mzee, kesho yake nikamwachia tena. Leo nikikumbuka naona aibu.

Jumamosi moja, miezi miwili iliyopita, Mama Anaeli alikuwa anavuka uwanja na beseni la ndizi kichwani. Huyu mama anatoka Nkoaranga, ananiuzia ndizi tangu nilipoolewa, na nilipojifungua mtoto wa kwanza ndiye aliyenifundisha kupika mtori, ule mchuzi wa ndizi na nyama wa mzazi. Tomi akamkimbilia. Sijui alitaka kucheza au vipi. Mama akayumba, beseni likaanguka, na Tomi akamng'ata mguuni, chini ya goti. Damu ikatoka.

Watu wakajaa. Mzee Karimu akaniuliza mbele ya wote, "Binti yangu, mbwa amechanjwa?"

Nikajibu, "Amechanjwa mzee, mwaka huu huu."

Haikuwa kweli. Tomi alichanjwa mara moja tu akiwa mdogo. Gari la matangazo lilipita mtaani kutangaza chanjo, mimi nikasema nitakwenda kesho, kesho ikapita. Lakini macho yote yale yalikuwa yananitazama, na neno likanitoka. Nilimchukua Mama Anaeli nyumbani, nikamwosha kidonda kwa sabuni, nikamfunga kitambaa. Nilimwambia twende hospitali, ila nilisema kinyonge, kama mtu anayetaka akataliwe. Akasema kama mbwa amechanjwa hana haja ya sindano, kahawa imeiva shambani na hana wa kumsaidia kuchuma. Akaondoka akichechemea, akiniombea Mungu anibariki.

Kesho yake jioni majirani wakakutana. Wakakubaliana kwamba mbwa yeyote asiye na chanjo aondolewe mtaani, mwenye chanjo abaki ila afungwe. Hakuna aliyeniuliza cheti, kwa sababu Mzee Karimu alisimama akasema, "Wa huyu binti amechanjwa, nimesikia kwa masikio yangu, mimi shahidi." Na aliyefuata kuulizwa ni Mzee Lazaro, mlinzi mstaafu anayeishi peke yake na mbwa wake mzee, mbwa ambaye hajawahi hata kumbwekea mtu. Mzee Lazaro akasema ukweli, hajachanjwa. Akaomba apewe siku chache ampeleke. Watu walikuwa na hasira, wakakataa. Jumatatu akaja mtu na sindano, mbwa akalala moja kwa moja. Mimi nilikuwa nimekaa pale pale kwenye kikao na sikufungua mdomo.

Jumanne Tomi akagoma kula. Mate yanamtiririka, amejificha chini ya ngazi. Nikajua ni kichaa cha mbwa. Jumatano asubuhi nikapanda Nkoaranga, nikauliza njia mpaka nikamkuta Mama Anaeli kwenye kahawa yake. Nikapiga magoti kwenye udongo nikamwambia kila kitu.

Hakunifokea. Alifungua kikapu cha kahawa kiunoni, akakiweka chini taratibu, ndipo akasema, "Kwa hiyo ningekufa huku nakuombea."

Tulikwenda hospitali siku hiyo hiyo, akaanza sindano. Daktari wa mifugo alimkuta Tomi na kipande cha mfupa kimekwama kwenye fizi, ndicho kilichomtoa mate. Tukamfungia tukimwangalia siku kumi, akabaki mzima. Sasa amechanjwa na cheti anacho. Mama Anaeli alimaliza sindano zake zote, ila alikataa nimsindikize tena. Aliniambia amenisamehe, lakini kwa watu wa mtaani kwangu hatanisema wala hatanitetea, hayo ni yangu mwenyewe. Tangu hapo anapita njia nyingine.

Mume wangu anasema yamekwisha, hakuna aliyekufa, ninyamaze. Lakini aliyekufa yupo. Kila asubuhi natoka na Tomi amefungwa kamba, na Mzee Lazaro amekaa kwenye kiti chake nje ya geti. Namwamkia. Anaitikia, anamwita Tomi, anamkuna masikio, halafu ananiambia, "Mshukuru Mungu mwanangu, wewe ulikuwa mwangalifu kuliko mimi."

Juzi nilitaka kumwambia, nikashindwa. Nikisema, Mzee Karimu ataonekana alishuhudia uongo mbele ya majirani, na yeye alisema kwa nia njema tu. Wanaweza pia kudai Tomi naye auawe, na watoto wangu watauliza kwa nini. Nisiposema, yule mzee ataendelea kujilaumu kwa sababu alikuwa mkweli siku ambayo mimi nilikuwa mwongo.

Ndugu zangu, mnaweza kunitukana, nimestahili. Ila mkishamaliza nipeni ushauri: nianzie kwa Mzee Lazaro peke yake, au niwaite wote nisimame nilipopaswa kusimama siku ile?