Kitanda Ndani ya Haisi

Wazo lilikuwa langu, na sioni aibu kulisema. Nilimwona kwenye simu mzee mmoja wa Kizungu na mkewe wakizunguka kusini mwa Ufaransa kiangazi kizima, ndani ya gari lenye kitanda na jiko. Wanalala walikochokea, asubuhi wanakunywa chai mlango wazi. Nikamwonyesha mume wangu. Akacheka, akasema mbona na sisi tuna Haisi imekaa tu uani tangu tuache kubeba abiria. Nikaishika kauli yake hapo hapo kabla haijapoa.

Viti vikang'olewa. Fundi seremala akatupigia kitanda cha mbao, mimi nikashona mapazia, tukaweka na jiko dogo la gesi. Safari yenyewe ilikuwa Mbeya mpaka hifadhi ya Ruaha, kwa kujivuta tu. Kwangu mimi haikuwa habari ya tembo. Tangu mtoto wetu wa mwisho aondoke kwenda kuanza maisha yake, nyumba ilikuwa imenyamaza. Tunakula, tunaangalia taarifa ya habari, tunalala. Nilitaka siku chache za mimi na yeye, nione kama yule mwanaume aliyenioa bado yumo.

Tulitoka Mbeya mwezi wa saba, baridi inauma kweli. Kufika Chimala akakata kona. Shangazi yake anakaa hapo, akasema, hatuwezi kupita kama hatujui watu. Hapo hakukosea. Ukimpita shangazi mlangoni bila kumsalimia, utasemwa kwenye kila msiba wa ukoo. Nilidhani tutakunywa chai tuondoke, kumbe kuku alishachinjwa. Nikajieleza kwa adabu kwamba sisi tutalala garini, kitanda tunacho. Shangazi akaliangalia gari, akaniangalia na mimi, akauliza majirani watasema amewakosea nini wageni wake mpaka walale nje kama mizigo. Mume wangu akaanza kuteremsha mabegi. Basi nikalala na wajukuu chumba cha wasichana, yeye akatandikiwa sebuleni.

Asubuhi wakatufungashia. Najua mgeni haondoki mikono mitupu, hata mimi kwangu nafungashia watu. Lakini jamani, gunia zima la mchele utaliweka wapi ndani ya Haisi yenye kitanda? Tuliliweka juu ya kitanda.

Mafinga kwa kaka yake ikawa yale yale. Mezani mume wangu akawa msimuliaji, watu wanashika mbavu, hata mimi nikajikuta nacheka na kumtania mbele za watu. Nikasema moyoni, huyu ndiye niliyemfuata. Kesho yake tukaondoka na viazi, maharage na jogoo aliyefungwa miguu, na ndani ya gari hatukusemeshana mpaka Iringa. Aliyekuwa anaongea ni jogoo.

Iringa mjini tulifikia kwa binamu yake. Salamu za Kihehe, kamwene, kamwene, nikatabasamu mpaka mashavu yakauma. Ikafuata sala ya jioni ya familia, tukaombewa safari, tukagawiwa vyumba, mimi huku na yeye kule. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Wenyeji walipona, tena vizuri tu, ila mgeni ndiye aliyekuwa anaumwa.

Asubuhi nilikuwa jikoni namenya viazi na mke wa binamu. Mama wa watu akaniambia, kwa furaha kabisa, jinsi walivyotusubiri tangu mume wangu alipowapigia simu ndugu wote wa njiani. Alikuwa ameomba tupokewe na tulazwe ndani, na ikiwezekana tusiachiwe kuondoka mapema. Nilibaki na kisu mkononi. Siku zote hizo nilikuwa nawalaumu ndugu zake, kumbe mchawi nilikuwa naye garini!

Barabara ya kwenda Idodi, kijiji cha njiani kuelekea hifadhini, nilinuna mwanzo mpaka mwisho. Sijui kama aligundua, maana kunyamaza kwetu kulikuwa ni kule kule kwa kila siku. Nilichojipa moyo nacho ni kwamba Idodi hana ndugu. Tulifika jua bado liko juu, tukaegesha nyuma ya nyumba ya wageni baada ya kuomba ruhusa. Nikateremsha magunia moja moja, mgongo unaniuma, nikatandika shuka zangu, nikabandika maji ya chai. Kuinua kichwa, mume simwoni.

Nilimkuta dukani. Alikuwa anamuuliza mwenye duka kama kijiji hiki hakina mtu yeyote wa ukoo wao. Eti hata mtu aliyeoa kwao tu! Nilimshika mkono mbele za watu, jambo ambalo sijawahi kulifanya tangu nizaliwe, nikamrudisha mpaka kwenye gari.

"Unamtafuta nani?" nilimuuliza.

Alikaa kitandani, pembeni kabisa, kama mtu aliyekaribishwa.

"Baba, nakuuliza. Ndugu zako wote tumeshawamaliza. Unamtafuta nani tena?"

"Mtu yeyote," akasema. "Mimi na wewe siku hizi hatuongei mpaka awepo mtu wa tatu. Mafinga ulinitania, ukacheka. Nyumbani hujanitania tangu mtoto aondoke." Akazipapasa zile shuka. "Nikawaza, tukilala humu wawili, tukanyamaza mpaka asubuhi, si ndiyo tutakuwa tumejua kwamba hatuna tena la kuambiana?"

Toka Iringa nilikuwa nimempangia maneno ya kumfokea, na yalikuwa mengi. Yote yakanitoka kichwani. Nikafungua mdomo nimwambie si kweli, nikakaa hivyo hivyo, na neno halikuja.