Matumbawe Yalale Mchana

Juzi nilikuwa kwenye kliniki moja ya meno hapa Kakamega, nikisubiri kung'olewa jino. Chumba kilikuwa na feni moja tu, nayo ilielekezwa kwenye tangi kubwa la kioo lenye maji ya chumvi, samaki wa rangi na matumbawe. Juu ya tangi ziliwaka taa kali mno.

Kando yangu aliketi nyanya mmoja kutoka Ekero, shavu limevimba, akijipepea kwa kadi yake ya kliniki.

"Mwanangu, geuza hiyo feni huku kidogo," alimwambia karani.

"Haiwezekani, kukhu. Hizi taa zinapashanga maji moto. Yakifika digrii thelathini matumbawe yanakufa. Tumeshapoteza mawili."

"Na mimi nikifika thelathini?"

"Wewe uko thelathini na saba, kukhu. Hiyo ni kawaida."

Nyanya alilitafakari jibu hilo, kiganja shavuni. "Hayo matumbawe yanalalanga?"

"Usiku, tukizima taa."

"Basi yalale sasa."

Karani alitazama mlango wa daktari, akatazama kipimajoto cha tangi kilichosoma ishirini na tisa, kisha akazima taa. Baada ya saa moja kilisoma ishirini na nane, naye akatugeuzia feni.

Daktari alipotoka aliuliza nani amezima taa. Karani akamwonyesha nyanya kwa kidevu. Daktari aliinama, akasoma kipimajoto mara mbili.

"Kesho pia yalale mchana," akasema.

Nimehudhuria mikutano mingi ya kutafuta namna ya kupoza kitu ambacho hakuna aliyefikiria kuacha kukipasha moto.