Bakuli la Kijani cha Ndimu

Kazi yangu ni vioo vya zamani, vile Waingereza walivyoviacha kwenye majumba ya mashamba ya mkonge, na zaidi vya kijani. Watu hudhani kijani ni kijani tu. Wapi! Kipo kijani cha chupa, kizito. Kipo cha maji ya bahari, chenye ubuluu kwa mbali. Kipo cha chungwa la Muheza, lile lililoiva na ganda bado halijageuka. Na kipo cha ndimu, chenye umanjano ndani yake, ambacho ukikimulika gizani kwa ile taa ya zambarau ya kukagulia noti bandia kinawaka chenyewe. Hicho ndicho wanunuzi wanachokililia.

Majina hayo nimeyatunga mwenyewe hapa mtaani kwetu Mabawa, barazani kwangu, asubuhi jua halijawa kali, chombo kikiwa juu ya shuka jeupe. Hutazami ukingo, maana kioo chembamba hudanganya. Unatazama kitako. Taa ninayo, lakini siitumii. Taa ni ya wasiojua, ndivyo nilivyokuwa nikiwaambia watu, na nilisema kwa kiburi.

Chombo kimoja sikukiuza, bakuli la matunda la kijani cha ndimu, nililolipata kwa mjane wa nyapara mmoja njia ya Muheza. Mke wangu ndiye aliyekuwa akilifuta vumbi. Mimi sikumruhusu mtu mwingine kuligusa.

Kisha nikaugua kifua kikuu. Nililala chumbani wiki nyingi, mke wangu akinilisha uji kwa kijiko na kunihesabia vidonge. Nilipopata nguvu za kutoka nje, niliona mpapai wa uani umefifia, majani kama yametiwa jivu. Nikasema kiangazi. Kisha nikalitazama bakuli kabatini, nikaona kioo kimepooza, hakina umanjano wala nini.

"Hili silo," nikamwambia mke wangu.

"Silo vipi? Ndilo hilo hilo."

"Umelivunja, ukaenda kununua lingine ukaniwekea. Au umeliuza nilipokuwa kitandani."

Akacheka kwanza, akidhani namtania. Alipoona sitanii akasema, "Bwana, si una taa? Washa basi uone."

Nikamjibu kwamba mimi macho yangu yanatosha, sifundishwi kioo na mtu wa jikoni. Hayo niliyatamka kwa kinywa changu. Siku tatu sikunyamaza. Siku ya nne nikautoa Msahafu rafuni nikamwambia aape. Akaenda kutawadha, akarudi, akaweka mkono, akaapa. Nami nikasema, "Hata wezi huapa."

Alikunja nguo zake, akanipangia vidonge vya wiki nzima juu ya meza, akaenda kijijini Moa kwa kaka yake.

Niliporudi kliniki, nesi alinifungulia kitabu chenye madoa ya rangi akaniambia nisome namba iliyomo ndani ya madoa. Nikamuuliza namba iko wapi. Akafunua ukurasa mwingine, kisha mwingine, akaenda kumwita daktari. Daktari akanieleza kwamba dawa moja kati ya zile huwadhuru mishipa ya macho watu wachache, na mara nyingi rangi za kwanza kupotea ni nyekundu na kijani. Akaisimamisha siku ile ile. Akaniuliza kama sikuambiwa tangu mwanzo nitoe taarifa nikiona macho yanabadilika. Niliambiwa. Majani nilisingizia kiangazi, bakuli nikamsingizia mke wangu.

Nyumbani nilifunga madirisha nikawasha taa. Rangi sikuiona sawasawa, lakini mwanga niliuona. Bakuli lilikuwa linawaka. Nikakaa sakafuni nikalia mpaka kikohozi kikanishika. Kumbe hata nikiwa mgonjwa vile ningeweza kujua ukweli, kwa kubonyeza swichi tu.

Nilikwenda Moa kesho yake. Kaka yake alinikaribisha ndani, akamwita mke wangu, akaketi nasi. Nikaeleza yote, la kliniki na la taa, nikamwomba mke wangu radhi mbele ya kaka yake.

"Na sasa macho yanaendeleaje?" mke wangu akauliza.

"Daktari anasema huenda yakarudi. Hana hakika."

"Mungu atakuafu. Macho yaliumwa, nimekubali. Na ulimi nao ulikuwa unaumwa?"

Nikautazama mkeka.

"Miaka ishirini na sita nimekaa kwako," akasema, wala hakupandisha sauti. "Ukataka kiapo, nikakupa. Ukakikataa. Mimi sina kitu kikubwa kuliko hicho cha kukupa, nikuletee nini tena? Niandikie talaka yangu."

Nilimtazama kaka yake anisaidie. Akainamisha kichwa, kisha akainuka akaleta daftari na kalamu.

Niliandika pale pale mkekani. Mke wangu aliipokea karatasi kwa mikono miwili, akaisoma mpaka mwisho, akasema ahsante. Kisha akaniuliza kama dawa za leo nimemeza, na kama nimekula.