Koti la Mhubiri Kwenye Mazishi ya Mama

Tulimzika mama nyumbani, upande wa Magunga. Kwetu mwana wa kwanza ndiye hutupa udongo wa kwanza kaburini, na huyo ni kaka yangu. Nilitaka hilo tu, mama azikwe na mwanawe.

Lakini kaka ni mfuasi wa mhubiri aliyefungwa kwa kutuma vijana wachome zahanati. Mhubiri yuko ndani, koti lake liko nje. Wafuasi hulitundika kwenye kiti, huliuliza kila jambo, kisha hungoja mpaka mmoja wao ahisi jibu. Koti limeshawakataza chanjo, vitambulisho na, sijui kwa nini, mandazi.

Walikuja na marungu yao, wakaweka kiti kando ya kaburi. Msaidizi wa mhubiri akaliinamia koti.

"Baba, mtoto wako amzike huyu mama aliyefia hospitalini?"

Tukangoja. Hakuna aliyehisi kitu. Jua likatuchoma, mchungaji wetu akapiga miayo, kaka akabaki ameduwaa, hatazami jeneza wala mimi.

Ndipo akafika mama mdogo, mdogo wake marehemu, kutoka Rongo, miguu imevimba. Akaona kiti, akakaa.

"Mama, simama! Umemkalia Baba!"

"Baba yupi? Wenu si yuko jela? Mimi niko hapa na miguu yangu."

Mmoja akainua rungu. Nikaogopa kweli, maana hawa watu wamewahi kuchoma. Msaidizi akamzuia, akauliza tena, "Baba, unakubali?"

"Nakubali," akasema mama mdogo. "Fanyeni haraka, nina njaa."

Wakatazamana.

"Hiyo si sauti ya huyu mama?" akanong'ona mwenye rungu.

"Imetoka kwenye kiti," akasema msaidizi. Alifikiri sana, masikini. "Baba humtumia amtakaye."

Kaka akachota udongo, akautupa. Nililia, na hapo hapo nikashikwa na kicheko, ikabidi nijifunike leso usoni.

Baada ya maziko msaidizi alimfuata mama mdogo kwa heshima.

"Mama, Baba hajasema lolote kuhusu mandazi?"

"Kuleni."

Wakala sahani nzima. Nikadhani mambo ya koti yameisha, kaka atabaki nyumbani. Walipoanza kuondoka akaenda kuchukua koti. Mikono yake bado ilikuwa na udongo wa kaburi la mama. Aliifuta kwanza kwenye suruali, vizuri, kidole kwa kidole, ndipo akaligusa.